Gharama ya Daktari wa Mulago

Itakumbukwa kwamba mafunzo ya utabibu ya Makerere yalianza katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1924. Serikali ililipia walimu, vitanda na dawa. Mgonjwa maskini naye alilipa: alivumilia kupimwa tena na tena na mikono ya wanaojifunza. Humo walisomeshwa hata madaktari wa Kenya na Tanganyika.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Mwaka uliofuata akawafukuza Waasia. Walimu na madaktari wengi, Waafrika wakiwamo, walikimbia. Nchi zilizowapokea, nyingine tajiri mno, zilipata matabibu ambao hazikuwasomesha. Majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala Aprili 1979, jengo kubwa la Mulago la mwaka 1962 lilikuwa bado limesimama. Waliopungua ni wa kufundisha.