Mashine ya Maji Kidogo na Kipimo cha Sabuni Yake

Kwenye chupa nyingi za sabuni ya nguo zinazouzwa Marekani kuna alama ya duara yenye herufi mbili ndani yake, h na e. Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayotaja aina ya mashine ya kufulia ambayo sabuni hiyo imetengenezewa. Chupa kama hizo huja Afrika Mashariki kwenye masanduku ya ndugu walioko ughaibuni, na mashine zenyewe zinauzwa Kariakoo, Mombasa na Nairobi. Tafsiri ya maneno hayo inayokuja haraka mdomoni ni "mashine yenye ufanisi wa juu".

Kisarufi tafsiri hiyo haina kasoro. Ufanisi ndilo neno analokutana nalo mwanafunzi wa sayansi anapolinganisha nguvu iliyoingia kwenye mashine na kazi iliyotoka. Lakini nje ya darasa, anayefanya kazi kwa ufanisi ni mtu hodari, mwenye kuiweza kazi yake. Mnunuzi akiambiwa ufanisi wa juu, picha inayomjia ni ya mashine yenye nguvu inayotakatisha kuliko nyingine, na chenye nguvu hulishwa zaidi. Hapo ndipo kikombe kizima cha sabuni kinapomiminwa kwenye droo. Neno limempeleka njia isiyo yake, kwa sababu limeficha jambo lenyewe, nalo ni maji.

Mashine za zamani za Marekani, zile za mlango wa juu zenye mhimili wa mapezi katikati, zilijaza pipa mpaka nguo zielee. Mzigo mmoja uliweza kumaliza lita 150 hivi. Za aina mpya hutumia takriban lita 50 hadi 95, kutegemea muundo na wingi wa nguo. Ulaya walizoea mashine za mlango wa mbele tangu zamani. Marekani zilianza kupata soko la maana baada ya Maytag kutoa Neptune mwaka 1997.

Ndani ya mashine ya mlango wa mbele pipa limelala. Maji hukaa chini tu, nguo zinalowa bila kuelea. Pipa linapozunguka, mbavu zake huinua nguo hadi karibu na juu, kisha nguo huanguka kwa uzito wa maji ziliyobeba. Pigo hilo, linalorudiwa mara mamia, ndilo linaloutoa uchafu kwa msaada wa sabuni, kama mfuaji wa mtoni anavyobwaga shuka juu ya jiwe.

Sabuni ikizidi, povu hujaa pipa na nguo huangukia mto laini badala ya kugongana. Zinazunguka saa nzima, zinatoka zinanukia, na kola bado ina weusi wake. Balaa haliishii hapo. Pampu ya kutolea maji imeundwa isukume maji, na povu kwa sehemu kubwa ni hewa, hivyo pampu huhangaika bure. Mashine nyingi za kisasa zikigundua povu husimama kusubiri litulie, au huvuta maji mengine ya kusuuzia. Kwa hiyo sabuni ya ziada huyala yale maji ambayo mtu alilipa fedha nyingi ili ayaokoe, na huongeza muda na umeme juu yake.

Sabuni isiyosuuzika hubaki. Taulo hukakamaa, nguo nyeusi hutoka na mistari myeupe, na ndani ya mkunjo wa mpira wa mlango hujengeka utando unaolisha ukungu. Mashine huanza kunuka. Inasikitisha kwamba wengi wakiisikia harufu hiyo huongeza sabuni, na kwa kufanya hivyo huulisha ukungu uleule wanaotaka kuufukuza.

Mapenzi ya povu yana asili yake, na si ujinga. Anayefua kwa sabuni ya kipande kwenye beseni analisoma povu: sabuni ikishikwa na uchafu na chokaa ya maji, povu hufa, naye anajua kwamba imekwisha nguvu. Mama fua wa Nairobi anayeongeza sabuni povu linapokufa hakosei hata kidogo. Ila Kiswahili kinaita sabuni vitu viwili ambavyo kikemia ni mbalimbali. Kuna kipande kilichopikwa kwa mafuta na kostiki soda, na kuna unga au maji yenye visafishaji vilivyoundwa kiwandani. Katika hivi vya pili, kazi hufanywa na molekuli zenye ncha mbili, moja ya kupenda maji na nyingine ya kushika mafuta, pamoja na vimeng'enya vinavyokata protini, wanga na mafuta. Hakuna hata kimoja kati yake kinachohitaji povu. Sabuni ya mashine huwekwa vizima povu kama silikoni, na baadhi huwekwa sabuni halisi kidogo, kwa kuwa mabaki yake yakikutana na kalisi ya maji huvunja mapovu. Unga wa kufulia kwa mkono, uliokusudiwa kutoa povu jingi, ni bora usiingie kabisa kwenye mashine hizi.

Basi kiasi gani? Kwa mzigo wa kawaida wenye uchafu wa kawaida, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji, yaani mililita 30 hivi, mara nyingi vinatosha. Mzigo mdogo wa nguo zilizovaliwa siku moja ofisini hutosheka na kijiko kimoja. Sabuni iliyokolezwa sana huhitaji pungufu ya hapo, na maelezo ya chupa yake ndiyo ya kufuatwa. Mtu akichungulia ndani ya kifuniko cha chupa ataona mstari wa kwanza uko chini sana, na kama ni plastiki ya rangi moja, hauonekani bila kukigeuza kwenye mwanga. Kikijazwa hadi ukingoni, kifuniko hichohicho hubeba mara kadhaa ya kinachotakiwa.

Umoja wa Ulaya uliliona hili likifaa kuwekewa sheria. Kanuni namba 648 ya mwaka 2004 inawataka watengenezaji waandike kipimo kwa gramu au mililita, kwa maji laini, ya wastani na magumu. Na mzigo wa kupimia kwa sabuni za kufulia nguo za kawaida ni kilo 4.5 za nguo kavu. Ugumu wa maji si jambo dogo kwetu. Maji ya visima vya Unguja hupita kwenye miamba ya matumbawe na kuokota kalisi. Yale ya bwawa la Ndakaini yanayonywewa Nairobi hutoka kwenye mito ya milima ya Nyandarua na ni laini zaidi. Nyumba mbili zenye mashine sawa na sabuni sawa hazina kipimo sawa. Wa Unguja anaweza kuongeza kidogo, wa Nairobi apunguze.

Anayetaka kujua kama amekuwa akizidisha aweke taulo safi kwenye mashine, bila sabuni yoyote, achague maji ya moto, na baada ya dakika kama kumi atazame kioo cha mlango. Povu litakaloonekana ni la sabuni ya siku zilizopita.

Kwa sababu zote hizo, istilahi inayofaa ni "mashine ya maji kidogo", na sabuni yake "sabuni ya povu kidogo". Jina la "mlango wa mbele" halitoshi, maana zipo za mlango wa juu zisizo na mhimili wa mapezi ambazo nazo hufua kwa maji kidogo na hudai kipimo hikihiki. Atakayelalamika kwamba umeme umesahauliwa akumbuke kuwa mashine ikifua kwa maji ya moto, sehemu kubwa ya umeme huishia kuyapasha maji hayo. Yakipungua, nao hupungua.

Istilahi hii pia huiweka kando mashine ya matangi mawili, inayopendwa sana kwetu, ambayo mtu huijazia maji kwa ndoo au mpira na kuhamisha nguo kwa mkono hadi tangi la kukamulia. Hiyo hufua kwa maji mengi, nguo zikielea, na povu ndani yake haliui pigo la kitu chochote. Madukani hukaa bega kwa bega na ile ya mlango wa mbele. Muuzaji akimwambia mteja wake, "Hii ni ya maji mengi, mama, na hii ni ya maji kidogo, vijiko viwili tu," atakuwa amemaliza maelezo kabla risiti haijaandikwa.