Ua la Usambara na Safari Yake

Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za mmea mdogo, usiozidi shibiri moja kwa kimo. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno hili: USAMBARA.

Mmea huu huota kwenye misitu ya milima ya mashariki ya Tanzania, na katika sehemu chache za kusini-mashariki ya Kenya. Hukaa kivulini, chini ya miti mikubwa, katika nyufa za miamba yenye unyevu. Majani yake ni manene na yana vinyweleo laini kama mahameli. Maua yake ni ya rangi ya zambarau, na katikati yana manjano. Haufi baada ya kuchanua, bali huishi miaka mingi.

Mwaka 1884 Sir John Kirk, mjumbe wa Uingereza aliyekaa Unguja, alipeleka mmea huo Uingereza. Mwaka 1887 Kasisi W. E. Taylor naye alipeleka mwingine. Huyu ndiye yule Taylor aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Lakini mimea hiyo ilikuwa imekaushwa, nayo haikutosha kwa wataalamu kuipa jina.

Basi mwaka 1892, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Watu wa siku zile walimwita mkuu wa namna hiyo Bwana Shauri. Aliuona mmea huo karibu na Tanga, penye mawe ya chokaa, na tena juu katika msitu wa Usambara. Akampelekea baba yake huko Ujerumani, mzee aliyependa sana miti na maua. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akauita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana.

Vitabu vingi humwita Baron mgunduzi. Neno hilo lina walakini. Wasambaa na Wabondei walikuwa wakipita katika misitu hiyo kabla Baron hajazaliwa. Alilofanya yeye ni kuusafirisha ukiwa hai, na safari hiyo ndiyo iliyoufanya mmea uwe mali.

Mwaka huo huo wa 1893 ulionyeshwa mjini Ghent, Ubelgiji, ukasifiwa sana. Wauza mbegu wakaanza kuuza. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, Marekani, wakapata mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua mimea iliyo bora. Mwaka 1946 Wamarekani wakaunda chama cha wapenzi wa ua hili. Sasa kuna maelfu ya namna zake: meupe, mekundu hafifu, hata yenye petali nyingi. Wajerumani bado huliita ua la Usambara kwa lugha yao. Lakini wengi wanaoliweka dirishani hawajui Usambara iko wapi.

Huku nyumbani, msitu ulipungua. Wajerumani walikata miti wapande kahawa; baadaye ikaja chai, na mbao, na mashamba ya watu. Mti mkubwa ukianguka, jua huufikia mwamba, na mmea wa kivulini hukauka. Ndiyo sababu baadhi ya aina zake zimebaki mahali pachache mno. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, hulinda sehemu moja ya msitu huo.

Mwaka 2015 wataalamu waliupanga upya, nao sasa huitwa Streptocarpus ionanthus. Maduka hayajali, husema Saintpaulia.

Atakaye kuupanda asiung'oe msituni. Jani moja la rafiki mwenye mmea latosha. Likate pamoja na kikonyo chake, kichomeke kikonyo katika udongo mwepesi wenye unyevu, uweke chombo mahali penye mwanga pasipo jua kali. Baada ya wiki kadhaa miche midogo itachipua chini ya jani. Mwagilia udongo, si majani, maana maji baridi huyatia madoa.