Kichaka cha mapambo chageuka tishio kwa vijito vya Ohio

Kichaka kilichopelekwa Marekani zaidi ya karne moja iliyopita ili kupamba bustani sasa kimo katika orodha ya mimea vamizi iliyopigwa marufuku jimboni Ohio.

Mmea huo ni honeysuckle ya Amur, ujulikanao kitaalamu kama Lonicera maackii. Hustawi kando ya vijito na katika misitu yenye madimbwi ya msimu, ikiwemo maeneo ya kati ya Ohio uliko mji wa Reynoldsburg, mashariki ya Columbus.

Asili yake

Kichaka hiki chatoka China, Korea, Japani na mashariki ya Urusi, na hufikia urefu wa takriban mita tano.

Kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, idara ya serikali kuu ya Marekani iliyohusika na hifadhi ya udongo ilihimiza kipandwe ili kuzuia mmomonyoko na kuwalisha ndege.

Ndege waliyala kweli matunda yake mekundu, na wakazitawanya mbegu mbali na bustani.

Mjini Louisville, jimbo la Kentucky, kimbunga cha Aprili 1974 kiliangusha maelfu ya miti katika bustani ya Cherokee, na kichaka hiki kikajaza nafasi zilizoachwa wazi.

Madhara kwa maji

Majani yake huchipua mapema na kupukutika mwisho, hivyo miche ya asili iliyo chini yake hukosa mwanga.

Kichaka hunyonya maji mengi na chaweza kufupisha uhai wa madimbwi ambamo vyura hutaga mayai. Majaribio yameonyesha kuwa maji yaliyolowekwa majani yake huua baadhi ya viluwiluwi.

Majani yaangukayo kijitoni huoza upesi, tofauti na ya miti ya asili ambayo huwalisha wadudu wa majini kwa muda mrefu.

Sheria na udhibiti

Wizara ya Kilimo ya Ohio, yenye makao yake Reynoldsburg, ndiyo inayosimamia orodha ya mimea vamizi. Januari 2018, ilipigwa marufuku kuuza, kuzalisha au kusambaza aina 38 za mimea, hiki kikiwemo.

Hata hivyo, sheria hiyo haimlazimishi mwenye nyumba kung'oa kichaka kilichokwisha kuota katika uwanja wake.

Miche midogo hung'olewa kwa mkono udongo ukiwa na unyevu. Vikubwa hukatwa na kisiki kupakwa dawa mara moja, kwani kisiki kisichotiwa dawa huchipua tena. Karibu na maji hutumika dawa iliyoidhinishwa kwa matumizi hayo pekee.

Wakati mwafaka wa kukitambua ni mwisho wa msimu wa mapukutiko, miti mingine ikiwa mitupu nacho kingali kijani.

Funzo la mathenge

Kisa hiki si kigeni kwa wakazi wa Baringo nchini Kenya. Huko, mti wa mathenge uliletwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kutoa kuni, kisha ukavamia malisho na kingo za mito.

Mwaka 2006 wafugaji walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mti huo. Miaka miwili baadaye serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu.

Ohio na Baringo, waliopanda walihimizwa na wataalamu. Gharama ya kung'oa imewaangukia waliorithi ardhi.