Tiba ya lutetiamu-177 kwa saratani ya tezi dume

Tiba ya lutetiamu-177 ni matibabu ya saratani ya tezi dume iliyosambaa mwilini, ambapo dawa yenye mionzi huingizwa kwenye mshipa wa damu. Dawa ina sehemu mbili zilizoungana: molekuli iitwayo PSMA-617, ambayo hunasa protini ya PSMA iliyojaa juu ya seli nyingi za saratani hiyo, na atomu ya lutetiamu-177 inayotoa mionzi. Molekuli hiyo ilibuniwa Heidelberg, Ujerumani. Kampuni ya Novartis huiuza dawa kwa jina la Pluvicto, nayo Marekani iliiidhinisha tarehe 23 Machi 2022 kufuatia utafiti wa VISION uliohusisha wagonjwa 831 waliokwisha kutumia dawa za homoni na za kemikali. Nusu ya waliopewa dawa hii pamoja na matibabu ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 15.3; kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake ilikuwa miezi 11.3. Dawa haiponyi saratani iliyofikia hatua hiyo, lakini huongeza muda wa kuishi.

Mgonjwa aliyechomwa mionzi kwa mashine hurudi nyumbani bila mionzi yoyote mwilini. Wa lutetiamu huondoka nayo. Chembe za beta zinazotoka kwenye lutetiamu, ambazo ndizo zinazoua seli za saratani, hazipenyi zaidi ya milimita 2 hivi katika nyama ya mwili, kwa hiyo huishia ndani. Atomu hizohizo hutoa pia kiasi kidogo cha mionzi ya gama, nayo hupita hadi nje. Madaktari huitumia kupiga picha na kuona dawa imefika wapi, na kwa sababu yake watu wa nyumbani hutakiwa kukaa mbali kidogo. Nguvu ya lutetiamu-177 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 6.6 hivi, ila sehemu kubwa ya dawa isiyonaswa na saratani hutoka kwa mkojo katika siku mbili za mwanzo.

Si kila mgonjwa wa saratani ya tezi dume anafaa. Kwanza hupigwa picha ya PET inayoonyesha kama saratani yake ina PSMA. Damu na figo hupimwa kabla ya kila dozi, na majibu mabaya huweza kuahirisha tiba. Dozi ya kawaida ni gigabekereli 7.4, hurudiwa kila wiki 6, na dozi zote hazizidi 6. Siku ya tiba mgonjwa hunywa maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari wa moyo au wa figo amemwekea kiwango. Dawa ikiingia mshipani asikae kimya: maumivu au uvimbe mahali pa sindano yaelezwe papo hapo, maana dawa huenda inavuja nje ya mshipa.

Kazi kubwa ya usalama hufanyika nyumbani. Maelekezo ya dawa nchini Marekani humtaka mgonjwa akae umbali wa mita 1 hivi na watu wa nyumbani kwa siku 2, na kwa watoto na wajawazito siku 7. Hulala chumba cha peke yake kwa siku 3. Asilale chumba kimoja na mtoto kwa siku 7, wala na mjamzito kwa siku 15. Tendo la ndoa husimama siku 7, na uzazi huzuiwa mpaka wiki 14 zipite baada ya dozi ya mwisho. Hospitali nyingine huweka siku tofauti. Anayetibiwa afuate karatasi ya hospitali yake. Nyumba yenye chumba kimoja na wajukuu watatu ielezwe kwa wahudumu kabla ya dozi, ili mpango ufanywe mapema, hata ikibidi watoto wahamie kwa shangazi kwa wiki moja.

Chooni ndiko kwenye uangalifu zaidi. Mgonjwa akojoe mara kwa mara bila kubana, aketi ili mkojo usiruke, amwage maji mara mbili na anawe mikono kwa sabuni. Anayetumia choo cha shimo, mpira wa mkojo au nepi aombe maelekezo yake mahususi. Nguo na shuka zilizochafuka hufuliwa peke yake, na anayezishika huvaa glovu. Mionzi hii haiambukizi kama ugonjwa. Kupita karibu na mgonjwa au kumpa mkono kwa muda mfupi hakuna neno, na kumnyima chakula au salamu ni kumwonea.

Uchovu, kinywa kukauka, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kufunga choo hutokea mara nyingi. Kinywa hukauka kwa sababu tezi za mate nazo huvuta dawa. Hatari zaidi ni kupungua kwa chembe za damu: homa, michubuko isiyo na sababu, kutokwa damu au kuishiwa pumzi ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile mkojo ukipungua sana.

Mgonjwa atembee na kadi inayotaja dawa na tarehe aliyopewa. Vifaa vya kupima mionzi katika viwanja vya ndege huweza kumgundua hata wiki kadhaa baadaye, na daktari wa dharura anahitaji kujua. Dharura hutibiwa bila kusubiri mionzi iishe. Akifariki siku chache baada ya dozi, ndugu waiarifu hospitali kabla ya kuosha mwili, ili waoshaji wapewe maelekezo na glovu.