Neva zilianzia wapi? Jibu liko baharini

Wadau, ukikanyaga konyeza ufukweni, kabla hujajua umekanyaga nini tayari umeshauvuta mguu. Hiyo ni kazi ya neva, yaani seli zinazopeleka habari mwilini kwa umeme na kemikali. Cha kushangaza, konyeza naye anazo! Hana ubongo, ila neva zake zimesambaa mwilini kama wavu. Sasa seli hizi zilitoka wapi?

Tuanze na wasio nazo. Sponji, kama wale wanaolimwa na akina mama wa Jambiani kule Zanzibar, hana neva hata moja. Lakini akiingiwa na uchafu hujikaza taratibu na kuutoa, mithili ya mtu anayepiga chafya, ila chafya yake huchukua dakika nyingi. Na jeni zake zilipochunguzwa, zilikutwa kadhaa ambazo kwetu sisi hujenga maungio ya neva. Yaani matofali yalikuwepo kabla ya nyumba.

Mwingine ni Trichoplax, aliyeelezwa mwaka 1883 na Franz Eilhard Schulze baada ya kumkuta kwenye tangi la maji ya bahari huko Graz, Austria. Ni mdogo wa milimita chache tu, bapa kama chapati, hana mdomo, tumbo wala neva. Ila ana seli zinazotoa peptidi, vipande vidogo vya protini vinavyompa amri: aina moja humsimamisha ili ale, nyingine humfanya ajikunje. Mwaka 2023 watafiti wa Barcelona, Hispania, walionyesha kuwa seli hizo zinatumia jeni nyingi zinazotumika kwenye neva, ingawa hazina uwezo wa kupeleka umeme. Ndiyo maana wengi wanaona kuwa neva ya kwanza ilikuwa seli ya kutoa kemikali, umeme ukaja baadaye.

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Kuna tenofora, wanyama laini wanaofanana na konyeza lakini wanaogelea kwa mistari minane ya vinyweleo. Hawa wana neva, ila jeni zao, zilizosomwa mwaka 2013 na 2014, zilionyesha kuwa kemikali nyingi za neva zetu hawazitumii. Mwaka 2023 watafiti wa Bergen, Norway, wakaona kwamba sehemu ya neva zao zimeungana moja kwa moja bila nafasi kati yake, tofauti na zetu. Mwaka huohuo ulinganisho wa kromosomu uliwaweka tenofora kuwa tawi la kwanza kabisa la wanyama, kabla hata ya sponji.

Kama ni kweli, basi mawili: ama sponji walikuwa na neva wakazipoteza, au neva ziliibuka mara mbili. Wapo wanasayansi ambao bado wanasema sponji ndiye wa kwanza, hivyo kesi haijafungwa. Lakini fikiria: kama maumbile yaliweza kubuni neva mara mbili, basi akili si ajali ya mara moja tu.

Wadau mnasemaje, mara moja au mara mbili?