Rangi ya Ndege Ina Tarehe: Super VC10 za Afrika Mashariki Zarudi Kwenye Kompyuta

Tarehe 25 Septemba 2013, ndege ya kijivu yenye injini nne mkiani ilitua Bruntingthorpe, Uingereza. Ilikuwa safari ya mwisho ya ndege ya aina ya VC10 duniani. Ubavuni ilikuwa na namba ZA147 ya Jeshi la Anga la Uingereza. Hiyo haikuwa namba yake ya kwanza. Mwaka 1966 ilipotoka kiwandani iliitwa 5H-MMT, na 5H ni alama ya Tanzania. Ilikuwa mali ya East African Airways, shirika la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja.

Anayetaka leo kuiona 5H-MMT ikiruka na rangi zake za zamani atafungua kompyuta. Wapenzi wa simuleta za ndege, yaani programu za kurusha ndege kwenye kompyuta, huchonga upya ndege zilizokwisha kustaafu, wakazipaka rangi na kuzirusha. Wengine huona ni mchezo. Mimi naona ni kazi ya kutunza historia, kwa sababu rangi ya ndege ina tarehe, na huwezi kuipaka kabla hujajua ilikuwa hivyo lini.

VC10 yenyewe ina undugu na Afrika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiipasha inakuwa nyepesi zaidi. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa hushika hewa kidogo, na njia ya kurukia iliyotosha kwingine huwa fupi. BOAC, shirika la Uingereza lililosafirisha abiria hadi Afrika, lilihitaji ndege ya kuyamudu mazingira hayo. Kampuni ya Vickers ikaziweka injini zote nne mkiani, mabawa yakabaki huru kwa ajili ya kunyanyua tu. VC10 ya kwanza iliruka tarehe 29 Juni 1962. Ndugu yake mrefu zaidi, Super VC10, alifuata tarehe 7 Mei 1964.

East African Airways, iliyoanza kazi mwaka 1946, ilinunua Super VC10 tano: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Zisome herufi hizo polepole. 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Shirika lilikuwa moja, lakini kila ndege ilikuwa na uraia wake, na nchi zote tatu zilipata sehemu. 5H-MOG, iliyokabidhiwa mwaka 1970, ndiyo iliyofunga hesabu: VC10 zilitengenezwa 54, na hiyo ilikuwa ya mwisho.

Kuzichonga ndege kama hizi kwenye kompyuta nako kuna historia yake. Bruce Artwick alipotoa programu yake ya kwanza ya kurusha ndege kwenye kompyuta ya Apple II, miaka zaidi ya arobaini iliyopita, mtumiaji aliona mistari tu kwenye kioo. Mwaka 1982 Microsoft ikaanza kuuza Flight Simulator, na katika miaka ya 1990 programu nyingine, X-Plane, ikaingia. Kadiri kompyuta zilivyopata nguvu, ndivyo watumiaji walivyoweza kujitengenezea ndege zao wenyewe na kuzigawa bure.

Kazi huanza na umbo. Fundi hukusanya michoro ya kiwanda na vipimo, kisha huunganisha pembetatu ndogondogo maelfu kwa maelfu hadi zifanye ndege yenye urefu wa mita 52. Akikosea mkunjo wa pua, au mkia ukasimama wima kupita kiasi, anayeijua VC10 atakwambia papo hapo kwamba hiyo siyo.

Baada ya umbo huja ngozi. Mwili wa ndege ni wa mviringo, lakini rangi hupakwa kwenye picha iliyo bapa. Kwa hiyo fundi hufanya kama mshonaji anayefumua kanzu ya zamani ili apate kipimo: huachanisha mishono, akalaza kila kipande mezani, kisha akakumbuka kila kimoja kinarudi wapi. Mstari ulionyooka mezani unaweza kupinda ukifika puani. Ndiyo maana hupaka kidogo, akairudisha ngozi mwilini, akaizungusha ndege kuitazama, akafuta, akaanza tena. Zamani, ili kuokoa nafasi, mafundi wengine walitumia kipande kimoja kwa ubavu wa kushoto na wa kulia. Ukihamia upande wa pili unakuta jina la shirika limeandikwa kinyumenyume, kama maandishi yanayosomwa kwenye kioo.

Ukubwa wa picha nao ulikuwa kikwazo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, picha ya kawaida ilikuwa na upana wa nukta 1,024. Ukiitandaza juu ya mita 52 za Super VC10, kila nukta inafunika kama sentimita tano. Herufi yenye kimo cha nusu mita inapata nukta kumi tu, na kwa nukta kumi huwezi kuonyesha vizuri mkunjo wa herufi J. Leo picha za nukta 4,096 ni za kawaida, tena ndege moja hupewa kadhaa. Mlango, ribiti na alama ya moshi nyuma ya injini vyote vinaonekana.

Uwezo huo umeongeza deni, kwa kuwa kila kinachoonekana lazima kiwe cha kweli. Paa la ndege za abiria za wakati ule lilipakwa nyeupe ili kurudisha jua nje. Lakini ni nyeupe gani? Slaidi iliyokaa sandukuni miaka hamsini imegeuka manjano au waridi. Fundi makini hutafuta kwenye picha hiyohiyo kitu ambacho rangi yake anaijua, akakitumia kusahihisha picha nzima. Kisha huuliza picha ilipigwa mwaka gani, kwa sababu mashirika hubadilisha maandishi na mistari, na ndege iliyopakwa mstari wa mwaka mmoja na nembo ya mwaka mwingine ni ndege ambayo haikuwahi kuwapo.

Tarehe nyingine hazigusiki bila heshima. Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilijaribu kusitisha kuruka mjini Addis Ababa, ikapita mwisho wa njia na kuungua. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Anayeipaka 5X-UVA anapaka ndege ambayo historia yake imeishia hapo, na familia za waliokufa bado zipo.

Nne zilizobaki zilikosa mwenye kuzirusha mwaka 1977, shirika na Jumuiya ya Afrika Mashariki vilipovunjika. Zilirudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi na kugeuzwa kuwa ndege za kuzijazia mafuta ndege nyingine angani. Zilifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko zilivyobeba abiria wetu. 5H-MOG, ikiwa na namba ZA150, ilipelekwa Dunsfold kuhifadhiwa. Lakini ilihifadhiwa kama ndege ya jeshi. Rangi zetu hazimo.

Basi rangi zetu zimebaki kwenye picha, na picha hizo zina upungufu mmoja. Abiria hupanda ndege kwa mlango wa kushoto. Aliyepigwa picha kwenye ngazi, na mwenye suti aliyepungia mkono ndugu zake, wote wamesimama kushoto. Ubavu wa kushoto wa Super VC10 umehifadhiwa kwenye albamu za harusi, za masomo na za ziara za viongozi. Upande wa kulia ulikuwa wa magari ya chakula, mizigo na mafundi, na fundi wa leo akiufikia huanza kupapasa.

Waliosimama upande ule walikuwa wafanyakazi. Wengine wamezeeka, wengine wametangulia, na albamu zao ziko Nairobi, Entebbe, Dar es Salaam na vijijini walikostaafia. Ukiikuta humo picha ya baba au babu yako akiwa na ovaroli, nyuma yake ubavu wa ndege kubwa nyeupe, iskani, kisha andika nyuma yake jina lake na mwaka. Ubavu wa kulia wa 5H-MMT unaweza kuwa umo humo.