TABO: HISTORIA YA MOSHI ULIOGEUZWA NGUVU

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, kazi za chumba cha habari zilinibana kweli kweli. Leo naomba tuache siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu magari, na hasa kidude kimoja ambacho vijana wengi wa mjini wanakiota usiku na mchana: tabo.

Kisa chenyewe kilianzia gereji. Jumamosi nilikwenda kubadilisha oili, nikamkuta kijana mmoja anabishana na fundi. Anataka afungiwe tabo kwenye gari lake la silinda nne, haya haya tunayoendea kazini. Tabo yenyewe kainunua kwenye spea za mtumba, kaizungushia gazeti kama samaki wa kukaanga. Fundi anamwambia, "Mdogo wangu, hii siyo kama kufunga redio." Kijana naye anajibu, "Wewe funga tu, bro, mengine niachie mimi."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali maana nilimkumbuka kaka yangu. Habari zake nitawapa mwishoni. Kwanza tuulizane: hiki kitu kilitoka wapi?

Wengi wetu tunadhani tabo ilibuniwa na watu wa mbio. Sivyo. Aliyeibuni alikuwa mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi, na alichokuwa anakiwinda si kasi bali ubadhirifu. Ukichoma mafuta kwenye injini, karibu theluthi moja ya nguvu yake hutoka kwenye bomba la moshi, inapotea hewani. Büchi akajiuliza, kwa nini tuitupe? Mwaka 1905 akapata hataza ya wazo lake. Moshi wa moto unapotoka unapiga gurudumu dogo lenye mapanga kama feni. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili na gurudumu jingine linalovuta hewa safi, linaishindilia na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiingia nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi katika injini ile ile. Basi, hiyo ndiyo tabo. Mengine yote ni marekebisho.

Wazo lilikuwa zuri, ila vyuma vya wakati ule havikuweza kuhimili joto. Büchi alihangaika karibu miaka 20. Ilipofika mwaka 1925 ndipo alipofanikiwa kufunga tabo kwenye injini za dizeli za meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig. Injini ya nguvu za farasi 1,750 ikatoa 2,500. Kwa hiyo kabla tabo haijaingia kwenye gari la kijana yeyote, ilikuwa imeshavusha abiria baharini.

Wakati Büchi akihangaika na meli, wengine walikuwa wanatazama juu. Ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa na tatizo moja: kadiri zinavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini inaanza kukosa pumzi kama mtu anayepanda mlima. Mfaransa Auguste Rateau alianza kufunga tabo kwenye injini za ndege. Huko Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alifanya jambo ambalo mimi nalipenda sana. Mwaka 1918 alibeba injini ya ndege aina ya Liberty kwa lori hadi juu ya mlima Pikes Peak, jimbo la Colorado, kwenye kimo cha mita 4,300 hivi, akaijaribu huko huko. Injini iliyokuwa ikitoa farasi 350 bondeni ilishuka hadi 230 kule juu. Alipoiwekea tabo ikapanda hadi 356. Yaani kule mlimani ilikuwa na nguvu kuliko bondeni! Katika Vita vya Pili, ndege za Marekani kama B-17 na P-47 ziliruka juu sana kwa sababu ya kazi hiyo.

Hili la mlima linatuhusu hata sisi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar au Mombasa kwa karibu moja ya sita. Gari lisilo na tabo likitoka Mombasa kwenda Nairobi linapoteza nguvu njiani bila dereva kujua kwa nini. Lenye tabo hupoteza kidogo sana. Kumbe mapenzi ya vijana wa Nairobi kwa Subaru zenye tabo yana sababu ya kisayansi, siyo mlio peke yake!

Haya, tuje kwenye magari ya watu wa kawaida. Mwaka 1962 kampuni mbili za Marekani zilitoa magari ya tabo kwa ajili ya raia: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Nisimame kidogo kwenye Jetfire, maana ndani yake kuna somo. Hewa ikishindiliwa inapata joto, na joto likizidi, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Mafundi wanasema injini "inagonga", na kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni. Oldsmobile wakabuni dawa: tangi dogo la mchanganyiko wa maji na methanoli, ukirushiwa ndani ya injini kupoza. Wakaupa jina la kibiashara, Turbo-Rocket Fluid. Mwenye gari alitakiwa kulijaza tangi lile kila likikauka.

Mnadhani walijaza? Wapi! Watu walitaka mbio, hawakutaka kazi. Tangi likikauka, mtambo ulipunguza nguvu ili kuilinda injini, na wenye magari wakalalamika kuwa wameuziwa gari goigoi. Wengi waliishia kung'olewa tabo kwa wakala wakafungiwa kabureta ya kawaida. Katika miaka miwili yalitengenezwa magari yasiyofika 10,000, kisha biashara ikafungwa.

Miaka 11 baadaye BMW nao wakajaribu bahati yao. Septemba 1973, kwenye maonyesho ya Frankfurt, walionyesha BMW 2002 Turbo yenye farasi 170. Mbele waliandika neno "turbo" kwa herufi zilizogeuzwa, ili dereva aliye mbele yako alisome kwenye kioo na akupishe. Ujeuri mtupu! Mwezi uliofuata vita vikazuka Mashariki ya Kati, Waarabu wakabana mafuta. Kufikia Novemba, Ujerumani Magharibi ilikuwa imepiga marufuku magari barabarani siku za Jumapili. Wazee wetu wa Tanzania nao wanaikumbuka marufuku kama hiyo enzi za Mwalimu. Katika hali hiyo nani anunue gari la kujitapa? Yalitengenezwa 1,672 tu.

Aliyeokoa jahazi alikuwa Saab wa Sweden. Mwaka 1977 kampuni hiyo ilileta Saab 99 Turbo. Mhandisi wao, Per Gillbrand, alifikiri kama Büchi. Badala ya tabo kubwa inayoamka ukiwa umeshakwenda kasi, alitumia ndogo inayoamka mapema, akaweka valvu ya kupunguza presha ikizidi. Injini ya lita 2 ikatoa farasi 145, na gari likabaki la kwenda kazini na kupeleka watoto shule. Kampuni nyingine zikaiga. Saab wenyewe walifilisika mwaka 2011, lakini mawazo yao yamo kwenye magari ya nusu ya dunia.

Japani walianza kwa adabu zao. Nissan walifunga tabo mwaka 1979 kwenye Cedric na Gloria, magari ya mabosi na wazee wa heshima. Lakini vijana walikuwa wameshatangulia. Tangu 1973 kulikuwa na karakana ya HKS, iliyoanzishwa karibu na mlima Fuji na Hiroyuki Hasegawa, aliyewahi kuwa mhandisi wa Yamaha. Hawa waliuza tabo pamoja na vifaa vyake vyote vya kufunga kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo. Hapo ndipo ilipoanza biashara ya kugeuza gari la kawaida kuwa mnyama.

Mwaka 1989 watengenezaji wa Japani walikubaliana wao kwa wao kwamba gari la kuuza nchini kwao lisizidi farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Lakini Nissan Skyline GT-R ya mwaka huo huo wa 1989, yenye tabo mbili, ilijengwa kwa vyuma vinavyoweza kubeba nguvu nyingi kuliko hizo. Siri hiyo ilikuwa wazi kwa kila fundi.

Na sisi huku Afrika Mashariki? Tulikuwa uwanja wa majaribio, wadau. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilijulikana kwa kuua magari. Wengi waliamini tabo haitafua dafu kwenye vumbi na joto letu. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda na Toyota Celica ya tabo, isiyosukuma magurudumu yote manne, mawili ya nyuma tu. Kuanzia hapo hadi mwaka 2002, Safari ilipoondoka kwenye ubingwa wa dunia, hakuna aliyeshinda bila tabo, akiwemo Mkenya mwenzetu Ian Duncan mwaka 1994. Mashindano hayo yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021.

Sheria za mbio zilitaka kampuni itengeneze maelfu ya magari ya kuuza yanayofanana na lile la mbio. Ndiyo maana mwaka 1992 zikazaliwa Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution. Miaka ikapita, Wajapani wakayachoka, yakapakiwa melini hadi Mombasa na Dar. Yale unayoyasikia usiku yakipiga kelele Barabara ya Thika au Bagamoyo ni wajukuu wa magari ya Safari.

Lakini kila penye nguvu hapakosi tamaa. Magari ya kundi B ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa na nguvu kupita uwezo wa mtu kuyadhibiti. Machi 1986, huko Ureno, gari liliparamia watazamaji, watu wakafa. Mei mwaka huo, kisiwani Corsica, Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya Lancia yao. Kundi hilo likafutwa. Baadaye magari yakawekewa kizuizi cha hewa, tundu la milimita 34 mbele ya tabo. Mwaka 1995 timu ya Toyota ilikamatwa na kizuizi kilichochezewa kwa ustadi kiasi kwamba rais wa chama cha mbio, Max Mosley, alikiri hajawahi kuona ujanja wa namna ile kwa miaka 30. Walifungiwa mwaka mzima. Watu wazima, wenye mabilioni, wanaiba upepo!

Sasa kaka yangu. Yeye alichukua fedha zilizotengwa kwa bati za nyumba ya mama, akisema atazirudisha mwisho wa mwezi. Akafungiwa tabo ya mtumba kwenye gari ambalo pistoni zake, mafuta yake na breki zake vilikuwa vile vile vya kiwandani. Wiki ya kwanza alikuwa mfalme wa mtaa. Wiki ya tatu, tukiwa wanne garini tunakwenda msibani Morogoro, karibu na Chalinze injini iligonga mara mbili, moshi mweupe ukatanda, tukabaki tunasukuma gari kando malori yakitupita. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mvua za masika zilimkuta mama chini ya turubai. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mwanangu, hiyo mbio ulikuwa unamkimbia nani?" Kaka hajaisahau kauli hiyo, wala mimi.

Leo mambo yamezunguka yakarudi pale pale kwa Büchi. Injini ndogo za lita 1 zenye tabo zinafanya kazi iliyokuwa ya injini kubwa, lengo likiwa kubana mafuta. Hata Formula One, iliyoipiga marufuku tabo kuanzia mwaka 1989, iliirudisha mwaka 2014 kwa hoja hiyo hiyo ya kutotupa nguvu.

Ukiitazama historia hii yote, tabo haijawahi kutoa nguvu ya bure. Inakopesha. Riba yake ni joto, na joto linalipwa kwa oili safi, kipozeo cha hewa, pistoni imara, mafuta yaliyopimwa na breki zinazotosha. Wenye Jetfire walikataa kulipa kwa maji na methanoli, wakanyang'anywa. Kaka yangu alilipa kwa bati za mama.

Yule kijana wa gereji nilimsimulia haya, kwa kifupi. Alinisikiliza, akaifunga tena tabo yake kwenye gazeti, akamwuliza fundi, "Kwani breki kubwa ni shilingi ngapi?" Sijui kama ataifunga au la. Ila swali lake lilikuwa zuri kuliko la kwanza.

Je, wewe mdau, ungemshauri nini? Tuendelee kujadiliana.